Mapiko na Darasa

Nasoma shahada ya sanaa za maonyesho Dar es Salaam, na kila nirudipo Newala likizoni shangazi huuliza kama bado nalipiwa ada ili nijifunze kucheza. Mwaka wa kwanza swali hilo lilinichoma, sasa hunichekesha. Darasani tulihangaika wiki nzima kuigiza bila kutumia uso wala sauti, ilhali katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mchezaji, aliyefunikwa kichwa kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo, hana budi kumjenga mhusika kwa mabega, miguu na namna anavyoijibu ngoma. Kwa zoezi la mwisho niliuchagua mwendo huo, bila kinyago, kwani kwa desturi kinyago ni siri ya waliopita jandoni, nami ni msichana.