Gia ikikwama kwenye P, anza na taa za breki

Gari la otomatiki likikataa kutoka P, yaani gia ya kuegesha, usimruhusu mtu ashushe giaboksi kabla hajaangalia taa za breki. Mimi ni fundi wa waya, kazi yangu iko upande wa Kirinyaga Road, Nairobi, na jambo hili linaniuma kwa sababu kila mara nawaona watu wakitozwa pesa za giaboksi kwa ugonjwa wa fyuzi.

Juzi alinipigia mwalimu mmoja akiwa amekwama Ngara na Toyota Fielder yake. Injini inawaka vizuri, lakini gia haisogei hata akikanyaga breki kwa nguvu. Fundi aliyefika kwanza alishamwambia giaboksi imekufa, atafute gari la kuvuta.

"Mwalimu, nyuma yako kuna ukuta?"

"Uko, fundi."

"Kanyaga breki uangalie kwenye kioo. Ukuta unakuwa mwekundu?"

Hakukuwa na wekundu wowote. Hapo nikajua pa kuanzia.

Kwenye magari mengi ya aina hii, ukikanyaga breki, swichi ndogo iliyo juu ya pedeli inapeleka moto kwenye taa za nyuma, na hiyo hiyo inaliarifu kufuli linaloizuia gia isitoke P. Karibu na mkono wa gia kuna solenoidi, sumaku ndogo ya umeme inayofungua kufuli. Kukiwa kimya utaisikia ikilia "tik". Swichi ikiungua au fyuzi ikikatika, taa hazitawaka na gia haitatoka. Taa zikiwaka na "tik" ikasikika, basi shida iko kwenye mkono wa gia wenyewe: soda iliyomwagika ikaganda, au sarafu iliyotumbukia.

Kwa mwalimu, fyuzi iliyoandikwa STOP ilikuwa imekatika. Nikaweka nyingine, akakanyaga breki, ikakatika palepale. Fundi mwenye haraka angeweka fyuzi ya ampea nyingi zaidi aende zake. Mimi nilienda nyuma, kwa sababu kwenye Fielder na Probox taa ya tatu ya breki iko kwenye mlango wa buti, na waya zake zinapita ndani ya mpira mweusi pale kwenye bawaba. Kila mlango ukifunguliwa zinakunjwa. Nikauvuta ule mpira taratibu: waya mmoja ulikuwa umechunika, shaba iko nje, inagusa bodi. Shoti ilikuwa hapo. Nikaunganisha kipande kipya cha waya, nikafunga teipu, fyuzi ikakaa.

Ukikwama usiku mbali na fundi, angalia pembeni mwa mkono wa gia. Toyota nyingi zina kitufe cha SHIFT LOCK au kifuniko kidogo cha plastiki. Vuta handbreki mpaka mwisho, weka switi ya ufunguo ON, kanyaga breki, bonyeza hapo kwa bisibisi, upeleke gia N, yaani gia huru. Injini itawaka hata ikiwa N. Lakini tafadhali, usiingie Thika Road bila taa za breki. Aliye nyuma yako hatajua umesimama. Nenda kwa fundi wa karibu tu, polepole, hazadi zikiwaka.

Kuna kukwama kwingine kusikohusu umeme kabisa. Ukiegesha mlimani ukaweka P bila handbreki, uzito wote wa gari unakalia jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi, na gia inakuwa nzito kama imechomelewa. Hapo tafuta watu walisukume gari kuelekea juu kidogo, wewe ukiwa umekanyaga breki kidogo tu, na gia itaachia. Siku nyingine kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achilia mguu gari likae, ndipo uweke P.

Mwalimu aliniomba nimwachie fyuzi ya akiba, ya ampea 20 ili isikatike ovyo. Nikamkatalia, nikampa ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Waya ukipiga shoti tena, ni afadhali fyuzi ikatike kuliko moto uanzie kwenye buti lenye vitabu vya watoto.