Mama, hita na tone lililokuwa baridi

"Mwanangu, huko kuwasha na kuzima ndiko kunakokula umeme. Iache, ikishapata moto itatulia yenyewe." Mama aliniambia hivyo kila aliponikuta nimeshika swichi ya hita ya maji. Mimi nami nilikuwa na imani yangu: nikiizima usiku kucha, bili itashuka vizuri. Tulibishana karibu mwaka mzima, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kupima chochote.

Mwishowe nilimwita fundi afunge mita ndogo kwenye laini ya hita peke yake.

Hita yetu ni tangi la lita 80 lenye koili ya kilowati 2. Maji baridi huingia chini, koili huyapasha, ya moto hukaa juu na kutokea juu, na thamostati hukata umeme joto likifika pale ilipowekwa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye koili hugeuka joto la maji, kwa hiyo mwizi hakai humo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: lita moja ya maji kupanda nyuzi moja hutaka wati-saa 1.16. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo lita 80 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 zinakula uniti 3 na nusu, na kwa koili yetu hiyo ni saa moja na dakika 45 hivi.

Wiki ya kwanza sikugusa kitu. Hita ilikaa imewashwa mchana na usiku, na wastani ukaja uniti 6 na nusu kwa siku. Tuko wanne na tunaoga jioni kwa kufuatana, dakika tano hivi kila mtu. Nilikinga shawa kwa ndoo, nikapata lita 8 kwa dakika. Kuyafikisha maji hayo yote nyuzi 40 kunahitaji uniti 3 na kitu. Sasa hizo 3 nyingine zilikuwa zinakwenda wapi, na hakuna anayeoga mara mbili?

Nikapima usiku. Niliandika namba ya mita pale taa ya hita ilipozimika saa nne, nikaiandika tena ilipozimika alfajiri. Ni muhimu kuanza na kumaliza taa inapozimika, maana ukisoma ovyo ovyo unaweza kukuta koili imetoka kuwaka sasa hivi au ndiyo inakaribia kuwaka, na namba ikakupotosha. Uniti 1.1 zilikuwa zimekwenda watu wote wakiwa wamelala.

Nilimweleza Mama kwa mfano wa ndoo iliyotoboka chini. Ikijaa, maji hutoka kwa nguvu. Yakipungua, hutoka kwa unyonge. Joto la tangi ni vivyo hivyo. Hita ikizimwa inapoa, na inavyopoa ndivyo inavyopoteza pole pole zaidi. Ukiiwasha tena unarudisha kilichopotea tu, hulipi faini ya kuwasha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kama ndoo imetoboka, si uzibe tundu?"

Nilicheka, lakini nilikwenda kutafuta tundu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni valvu ya usalama chini ya tangi ikidondosha maji. Nikamwambia fundi aizibe. Aliniangalia kama mtoto aliyeshika waya. Maji yakipata moto hutanuka, na lita 80 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 huongezeka kama lita moja na ushei. Pasipo nafasi nyingine ya kwenda, ziada hiyo hutokea hapo. Ukiiziba, umejifungia bomu bafuni. Ikidondosha wakati hita inawaka, iache. Ikidondosha saa zote, iangaliwe.

Tundu lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu. Shawa ilikuwa ikitiririsha matone tangu sijui lini, na hakuna aliyejali kwa sababu matone yalikuwa baridi. Nilifunga koki inayoingiza maji kwenye hita, bomba la baridi nikaliacha wazi. Matone yakakata. Kumbe yalikuwa yanatoka upande wa moto, na yalipoa njiani kwenye bomba refu kabla ya kufika kwetu. Nilifungua koki tena na kukinga kikombe: robo lita kwa nusu saa. Kwa siku ni lita 12 za maji yaliyopashwa, robo tatu ya uniti hivi, zikienda kwenye mfereji bila hata kumpa mtu joto. Dawa yake ilikuwa washa moja, kile kipete cha mpira kinachokaa ndani ya koki.

Fundi alizima umeme kwenye breka, akafungua kifuniko. Thamostati ilikuwa kwenye nyuzi 75. Tuliishusha kwa bisibisi hadi 60 na sikutaka ishuke zaidi, maana maji ya vuguvugu yanayolala kwenye tangi ni makazi mazuri ya legionela, bakteria wanaoleta nimonia. Alinionyesha pia fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ilibaki waya tu, tukaweka mpya. Koili ilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa. Watu wengi huulaumu ukoko kwa kula umeme, lakini mimi sikubali sana: koili iko ndani ya maji, joto lake lazima liishie humo. Unachofanya ukoko ni kuipasha koili kupita kiasi mpaka iungue mapema.

Baada ya hapo upotevu wa usiku ulishuka hadi uniti 0.6, na siku nzima ikawa 5 na kidogo. Nikajaribu hoja yangu ya zamani ya kuzima wakati wa kulala. Aibu tupu! Tangi lililojaa maji ya moto lilipoa nyuzi 5 au 6 tu hadi asubuhi, na nilichookoa mita haikukiona.

Ndipo nikagundua kwamba tulikuwa tukibishana kuhusu saa isiyo yake. Tukimaliza kuoga, tangi linakuwa limejaa maji baridi yaliyoingia chini, na hita iliyowashwa huanza kuyapasha hapo hapo ili yakae ya moto saa 20 na zaidi yakimsubiri mtu. Sasa tunaizima kabla wa kwanza hajaingia bafuni. Maji ya moto yaliyo juu yanatutosha, yale baridi yanalala baridi hadi kesho yake, na tunaiwasha saa mbili kabla ya kuoga ili yafike 60. Wastani wa wiki iliyopita ulikuwa uniti 3.8.

Swichi sasa anaishika Mama mwenyewe, na anaizima akitangaza kama anafunga geti. Lita 80 kwa watu wanne ni za kubana, kwa hiyo wa mwisho hukuta maji vuguvugu. Wa mwisho ni mimi.