Viinitete vya ng'ombe vilikwama kwenye seli 8: jinsi nilivyotatua

Kwa miezi miwili hapa Goma, viinitete vyetu (mayai yaliyorutubishwa tunayoyakuza maabara) viligawanyika vizuri hadi seli 8, kisha vingi vikasimama. Siku ya 7, katika mayai 40, nilipata blastosisti (kiinitete kilichokua hadi kuwa na uwazi wa majimaji ndani) 2 tu. Iliniuma, maana mayai hayo tuliyatoa machinjioni kwa taabu.

Nilibadilisha seramu, nikabadilisha mafuta ya kufunikia matone ya kukuzia viinitete. Bure. Ndipo nikapima pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) ya maji ya kukuzia yaliyolala ndani ya inkubeta, kabati letu la joto na gesi, usiku kucha (upime haraka, nje gesi hutoroka): 7.45. Sisi tunataka 7.2 hadi 7.4.

Chanzo ni mwinuko. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi. Inkubeta ilionyesha kaboni dioksidi asilimia 5, na haikudanganya, lakini asilimia 5 ya hapa ni milimita 32 hivi za zebaki. Pwani ni 38. Gesi ikipungua, bikaboneti, chumvi ya kupunguza asidi iliyomo kwenye maji hayo, inazidi nguvu na pH inapanda.

Nikapandisha kaboni dioksidi hadi asilimia 6. Joto nililiacha nyuzi 38.5, oksijeni asilimia 5. pH ikashuka hadi 7.37, na kundi lililofuata la mayai 40 likanipa blastosisti 11.