Dhiraa ya asumini

Juzi wifi kanipigia. Wanampeleka baba yake Bangalore, India, kutibiwa, anataka kujua kuna baridi kiasi gani na kama sweta moja linatosha. Nilianza kumjibu habari za sweta, nikajikuta namsimulia asumini hadi salio lake likaisha.

Ya ugonjwa wa Mama, na nilivyompeleka huko huko hospitali, nilishayasema, siyarudii. Hiki ni kipande nilichokiruka. Kule kuna siku za vipimo na siku za kusubiri majibu, na za kusubiri ndizo nyingi. Mwanzoni Mama alilala kwenye chumba tulichopanga akitazama dari. Kulipokucha akavaa baibui lake. "Sikupanda ndege nije kutazama feni. Twende."

Tukaanza na Lalbagh. Bangalore huitwa Mji wa Bustani, ingawa majengo yameshakula sehemu kubwa ya sifa hiyo. Lalbagh imebaki, ekari 240. Aliyeianzisha ni Hyder Ali, mtawala wa Mysore, mwaka 1760, na mwanawe Tipu Sultan akaiendeleza. Ilikuwa Mei na mikrismasi imechanua nyekundu. Mama akasimama chini ya mmoja, akauliza huku Krismasi wanakula mwezi gani. Ndani kuna msufi mkongwe, mizizi yake imesimama kama kuta za nyumba. Aliuangalia kwa muda, halafu akasema, "Mito mingapi hii."

Lakini nilichotaka kusimulia kilitokea nje ya geti. Kulikuwa na mama mmoja ameketi na kikapu, asumini zimeshatungwa uzi mrefu, zimekunjwa juu ya gunia bichi. Anauza kwa dhiraa. Ncha ya uzi anaiweka kwenye kiwiko, anaunyoosha hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, hiyo moja. Mama akachangamka; Tanga alikua akiona watu wakipima hivyo hivyo. Kisha akautazama vizuri ule mkono.

"Mwambie mkono wake mfupi."

"Mama, hela ndogo hii, tuache."

"Ndogo nini? Dhiraa ni dhiraa."

Akakunja mkono wa baibui na kumnyooshea wake. Kwenye kiwiko kwa ndani bado kulikuwa na plasta, wametoka kumtoa damu jana yake. Yule muuza maua akaitazama plasta, akamtazama Mama, akanitazama na mimi. Hakusema kitu. Akaishika ncha ya uzi, akaiweka kwenye kiwiko cha Mama, akaupitisha juu ya plasta bila kuigusa, hadi kwenye kidole. Mama ni mrefu, mnamjua. Zilizidi kama vidole vinne. Mama akavitazama vile vinne vya ziada, ushindi umemjaa usoni. Wakaangua kicheko wote wawili.

Mwenye kikapu akaashiria anataka kumfunga nywele. Na mama yangu, ambaye fundi wa umeme akigonga mlango hujitanda hadi kidevuni, akausogeza mtandio palepale barabarani, akainamisha kichwa. Waliongea, huyu Kikannada, lugha ya kule, huyu Kiswahili, kila mmoja akimjibu mwenzake. Mimi nimesimama na pochi mkononi, hakuna anayeniuliza kitu.

Baada ya hapo hakukaliki. Kilima cha Nandi tulipanda kwa gari alfajiri, mita 1,478 juu, ukungu mtupu, tukanywa chai tukashuka. Mji wa Channapatna tukaona wanavyokereza vinyago vya watoto na kuvipaka lakiri ya rangi mti ungali unazunguka. Aliwanunulia wajukuu wote, na mmoja ambaye hajazaliwa. Srirangapatna aliitaka mwenyewe: "Tukamzuru mwenye bustani." Hyder Ali amelala pale na mkewe, na Tipu, aliyeuawa na Waingereza tarehe 4 Mei 1799, yuko pembeni yao. Ndani kuta zimechorwa mistari ya chui milia. Mama akasoma Fatiha, akamwarifu marehemu kwamba bustani tumeiona na inatunzwa.

Jumapili jioni tukawa Mysore. Saa moja usiku wanawasha taa za kasri, karibu balbu 97,000 kwa mpigo, uwanja mzima ukaguta. Nikampiga Mama picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo, lile lile tulilochangishia nauli.

Baba mdogo akawa wa kwanza kujibu: "Mnatibiwa au mnatalii?"

Nilimsomea Mama. "Mjibu vyote," akasema, macho kwenye taa. Sikujibu. Nilitaka kuandika kwamba sijawahi kuwa naye hivyo tangu niolewe, kisha nikaona hilo litaharibu zaidi: watu wamechanga kwa uchungu, mimi nawaambia nimefurahi. Mpaka leo tukikutana kwenye shughuli Baba mdogo huniita Mtalii. Anacheka anaposema, lakini mchango wake wa mwisho aliutuma moja kwa moja hospitali.