Dawati Lile Lile, Mwajiri Mwingine

Zabuni ya kuleta wafanyakazi katika kituo chetu itatangazwa upya mwaka huu, na tangu habari hizo zianze kuzungumzwa wakati wa chai nimekuwa nikijiuliza swali ambalo wengi wetu tunaliishi lakini hatuliandiki: miaka yetu ya kazi inahesabiwa na nani? Mimi ni mhudumu wa wateja kwa njia ya simu hapa Dar es Salaam. Kutwa nzima, au usiku kucha ninapokuwa zamu ya usiku, napokea simu za watu waliotuma pesa kwenye namba isiyo sahihi, waliofungiwa laini au waliokatwa salio bila kuelewa sababu, na kila simu naipokea kwa kutaja jina la kampuni ambayo haijawahi kuniajiri. Mwajiri wangu ni wakala. Yeye ndiye aliyesaini mkataba wangu, yeye ndiye anayenilipa, na ofisi yake iko upande mwingine kabisa wa jiji.

Siandiki haya kwa kuwachukia mawakala. Nilipomaliza chuo sikuwa na mjomba katika ofisi yoyote, na wakala ndiye aliyeniita kwenye usaili bila kujuana na mtu, akanipa kazi wakati barua nilizopeleka kwingineko hazikupata hata jibu. Mshahara wake haujawahi kupita tarehe. Nina wadogo zangu wawili wanaosoma kwa fedha hiyo, na ninaiheshimu.

Hata hivyo, kuwa na ofisi mbili juu yako kuna uzito wake, na uzito huo huonekana pale unapokuwa na haja. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi anastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kuna mwezi ambao nyongeza yangu haikuonekana kwenye slipu ya mshahara. Nilikwenda kwa afisa rasilimali watu wa kampuni, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, masuala ya malipo zungumza na mwajiri wako." Nikampigia afisa wa wakala anayetusimamia, naye kwa upole ule ule akasema, "Dada, saa za zamu anaziandika mteja wetu, yaani kampuni, na sisi tunalipa kwa orodha anayotuletea." Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilikosa wa kumlaumu. Fedha yenyewe ililipwa baadaye, baada ya kiongozi wetu wa timu kuandika barua pepe na kuwaweka wote wawili kwenye barua hiyo hiyo.

Jambo linaloniumiza zaidi, lakini, ni lile linalotokea zabuni inapobadilika mikono. Wakala hupewa kazi kwa kipindi maalumu, na kipindi kikiisha kampuni humchagua yeye tena au humchukua mwingine. Akija mwingine, sisi hatuondoki. Tunaketi kwenye dawati lile lile, tunaingia kwenye mfumo ule ule kwa nywila zile zile, na malengo ya mwezi tunapewa na kiongozi yule yule. Kinachobadilika ni jina lililo juu ya slipu na rangi ya kamba ya kitambulisho. Tunaitwa kwa makundi kwenye chumba cha mafunzo, tunasaini kuukamilisha mkataba wa zamani, kisha tunavuta kiti kwenye meza ya pili na kusaini mpya, wenye tarehe ya kuanza kazi ya siku hiyo hiyo. Mtu aliyewafundisha kazi nusu ya wahudumu walio ukumbini hutoka humo akiwa, kwa karatasi, mfanyakazi mgeni.

Wakala anayeondoka hutulipa siku za likizo zilizobaki, kama sheria inavyomtaka. Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10, hakimhusu mtu ambaye mkataba wake umefika mwisho kwa kuisha muda wake, na mikataba yetu huandikwa ili iishe pamoja na zabuni. Kwa hiyo unaweza kufanya kazi sehemu moja ujana wako wote na usiwe na mwajiri hata mmoja anayekuona kuwa mtumishi wa muda mrefu.

Mara ya mwisho tulipobadilishiwa wakala, mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito. Alikuwa amekaa kituoni kuliko wengi wetu, na likizo ya uzazi ya siku 84 hakuwahi kuifikiria kama jambo la kuombewa. Sheria ile ile, hata hivyo, inasema kuwa mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 ya utumishi hana haki ya likizo yenye malipo, na kwa mkataba mpya yeye alikuwa na wiki chache tu. Alikwenda ofisi hii akaelekezwa ile, na tumbo lake, na faili lake la plastiki lenye nakala za mikataba yote ya nyuma. Mwishowe alipewa likizo yake kamili, na sote tulishukuru. Lakini nilipoisoma barua aliyopewa nikaona imeandikwa kuwa likizo hiyo imetolewa kwa hisani ya menejimenti, isichukuliwe kuwa utaratibu. Sentensi hiyo sijaisahau. Mama huyo hakuomba hisani ya mtu, alikuwa anadai siku ambazo alikwisha kuzifanyia kazi.

Sehemu pekee ambapo miaka yetu imeunganika ni NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Nilipochukua taarifa ya michango yangu niliona majina ya waajiri yakipokezana, lakini namba ya uanachama ni moja na miezi inaendelea kuhesabika kuelekea ile 180 inayotakiwa ili mtu apate pensheni. Mfuko haujali nani alishinda zabuni, unachotazama ni mchango wa mwanachama. Ninaamini kabisa kwamba linalowezekana kwenye michango linawezekana pia kwenye likizo.

Wala si fikra ngeni. Kanuni za mawakala binafsi wa huduma za ajira zilizotolewa na serikali mwaka 2014 zililenga wakala awaunganishe watafuta kazi na waajiri, asijigeuze yeye kuwa mwajiri wao. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakubali kuwa wakala anaweza kuajiri, lakini unataka majukumu yagawanywe bayana kati yake na kampuni inayotumia wafanyakazi, yakiwemo saa za kazi, hifadhi ya jamii na ulinzi wa uzazi. Kwetu majukumu hayo yamegawanywa kwenye mkataba wa ofisi hizo mbili, ambao sisi hatujawahi kuonyeshwa.

Ndiyo maana safari hii tumeandika mapema, kabla ya tangazo la zabuni. Hatukudai kuajiriwa na kampuni, ingawa wapo wanaolitamani hilo, nami ni mmoja wao. Tumeomba masharti ya zabuni yamtake wakala ajaye atambue utumishi wa kila anayebaki kituoni kwa ajili ya likizo zote, na wakala anayeondoka ampe kila mtu cheti cha utumishi kabla ya kusaini karatasi nyingine. Mwenzetu wa likizo ya uzazi ndiye aliyesaini wa kwanza. Nakala moja tumeipeleka kwa wakala na nyingine kwa kampuni, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na tumeomba majibu ya maandishi kutoka kila upande.