Siku moja maishani mwangu: maharage ya bwenini

Saa 11:30 alfajiri. Baridi ya Isongole, Rungwe, bado imeshika, simu inaita. Ni mama mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa viazi na maharage. "Mwanangu, lori limeshafika na wanataka kushona lumbesa."

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Navaa sweta na buti, napanda boda.

Saa 12:20. Magunia yamepangwa kando ya shamba. Mpakiaji anajaza gunia mpaka mdomoni, kisha anazungusha kamba na kuongeza viazi juu, safu kwa safu, mpaka linaota nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja. Kikundi kilinunua mizani msimu uliopita, basi akina mama wanalitundika lile gunia: kilo 132. Kisheria gunia lisizidi kilo 100. Hizo kilo 32 ni sare ya mtoto, ni mbolea ya msimu ujao, na zingepanda Uyole, Mbeya, bure kisha zielekee Dar. Dalali ananung'unika, ila leo analipa kwa kilo. "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, mama ananiambia, huku ananisukumia viazi vya kuchemsha.

Saa 3. Ofisini. Fomu za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Naangalia katiba na mihtasari, narudisha fomu mbili zisizo na saini.

Saa 5. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kilomita 4 kutoka mashamba yetu ya maharage ipo sekondari ya bweni. Wanafunzi wanakula maharage kila siku, lakini anayeyaleta ni mzabuni kutoka mjini, ambaye huyanunua kwa walanguzi, ambao huyanunua kwetu. Fedha inapita mlangoni kwetu, haikai. Nimekuja na akina mama wawili.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Mimi sikatai, mama zangu. Ila lazima mpite kwenye mfumo."

Ana haki. Sheria ya ununuzi inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Lakini fungu hilo halimfikii asiyesajiliwa NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao.

Saa 8. Tunahangaika na NeST kwenye simu yangu. TIN, namba ya mlipa kodi, ipo, cheti cha usajili kipo, mtandao ndio unakatika. Saa 9:10 tunafanikiwa, na mama mwenye namba ya siri anaiandika ndani ya kanga yake kwa kalamu. Namsihi aifute, aikariri.

Saa 10. Kikao cha kikundi. Sanduku la hisa, yaani akiba ya wanachama, lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3. Hakuna anayefungua peke yake. Swali zito linatoka kwa mzee mmoja: shule ikichelewa kulipa miezi miwili, mkulima atakula nini? Nawasimulia Preston, Uingereza, ambako mradi mkubwa wa maduka ulikufa mwaka 2011, halmashauri ikaacha kungoja mwekezaji na kuzishawishi taasisi kama chuo kikuu na polisi zinunue kwa watu wa karibu. "Na wao walicheleweshewa malipo?" anauliza. Swali lake ni bora kuliko hadithi yangu. Baada ya mabishano wanakubaliana: mfuko wa hisa umlipe mkulima nusu siku anapoleta mzigo, nusu nyingine shule ikilipa.

Saa 1 usiku. Jikoni kwa mweka hazina, kwa taa ya sola, tunachambua sampuli ya maharage kwenye ungo. Ya njano, ya msimu huu. Anatoa moja lenye tundu la mdudu, analiweka pembeni, anarudia tena ungo wote kuanzia mwanzo. Kesho saa 2 tunaipeleka kwa bwana stoo wa shule.