Nachos za nyama choma na pilipili mbuzi: kumbukumbu ya mradi wangu, Arusha

Nyama nimeshaipatia. Pilipili nayo iko sawa. Vipande vya mahindi vimefika pazuri ila bado vina kazi, kwa hiyo naandika mradi ulipofika, vipimo vikiwa bado viko kichwani.

Kwa ambaye hajawahi kuzila: nachos ni vipande vya mkate mwembamba wa mahindi vilivyokaangwa vikakauka, vikamwagiwa chizi na kupitishwa motoni hadi chizi iyeyuke, kisha vikawekewa vitu vingine juu. Zilianzia Piedras Negras, mji wa Meksiko ulio mpakani na Texas. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Ignacio Anaya, ambaye waliomzoea walimwita Nacho, aliwaandalia sahani hiyo akina mama waliovuka mpaka kutoka Marekani. Aliweka vitu vitatu tu: vipande vya mahindi, chizi, na pilipili za jalapeño zilizolowekwa kwenye siki. Nyama, maharage na parachichi vilikuja baadaye. Mimi jambo hilo nalishikilia sana, kwa sababu sahani yake ilikuwa na maji kidogo mno. Kila tunachoongeza sisi kinakuja na maji yake, na maji ndiyo adui wa nachos. Karibu kila hatua niliyoandika hapa chini ni ya kuyatoa maji kabla hayajafika kwenye kipande.

Vipande

Wameksiko hawasagi mahindi makavu kama sisi. Wanayachemsha taratibu kwenye maji yenye chokaa ya chakula, wanayaacha yalale humo usiku kucha, wanayaosha hadi ganda litoke, ndipo wanayasaga yakiwa bado na unyevu. Ile chokaa inaibadilisha punje yenyewe. Donge linashikamana na kusukumika vizuri, na niasini, vitamini ambayo mahindi huificha, inafunguka mwili uweze kuitumia. Sembe yetu haijapitia huko. Ikikandwa kwa maji baridi na kusukumwa nyembamba, inapasuka pembeni, na ukiiinua inakatika.

Njia ninayotumia kwa sasa ni vikombe viwili vya sembe, kimoja cha unga wa ngano, chumvi, kijiko cha mafuta, na maji yanayochemka kabisa. Maji ya moto yanaupika wanga wa mahindi kidogo ukaanza kushika, na ngano inamalizia kazi. Nakanda kukiwa bado na joto, nafunika nusu saa, nasukuma nyembamba kuliko chapati yoyote ya nyumbani. Kisha naibandika kwenye chuma cha chapati bila mafuta, pande zote mbili, ikauke tu bila kubabuka. Nakata pembetatu na kuzitandaza kwenye ungo. Miezi hii ya baridi, Meru ikiwa imejifunika mawingu tangu asubuhi, ungo nauweka karibu na jiko, maana ukiuacha barazani vipande havikauki. Vikianza kujikunja pembe, viko tayari kukaangwa. Kipande kilichokauka hivyo hakinywi mafuta mengi.

Kwenye mafuta, sikiliza kuliko kutazama. Kipande kikitumbukia kinapanda juu papo hapo na kuzingirwa na mapovu makubwa yenye kelele. Mapovu hayo ni maji yanayotoka yakiwa mvuke. Baada ya muda yanakuwa madogo, yanaachana, na kelele ya kikaango inashuka yenyewe. Hapo maji yamekwisha. Toa kikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, kwa sababu kinaendelea kuiva hata nje ya mafuta, na kinyunyizie chumvi kikiwa bado cha moto ili ishike.

Nyama

Kuchoma nyama ni jambo la kila siku hapa Arusha, ila nachos zinataka mkato ambao buchani hawajauzoea. Nilimwomba muuza nyama kipande bapa cha tumboni, chini ya mbavu.

"Dada, ya kuchoma au ya mchuzi?"

"Ya kuchoma, kaka. Ila usinikatekate, nipe bapa hivyohivyo."

Panga lilikuwa limeshainuliwa juu ya gogo. Alilishusha, akanifungia bapa zima.

Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wanaotembea mbali kutafuta malisho. Nyama yao ina ladha kweli, lakini nyuzi zake zimekaza, na buchani inauzwa siku ileile iliyochinjwa. Kwa hiyo naipaka chumvi na kuilaza kwenye friji hadi kesho yake. Chumvi inapata muda wa kuingia, na nyama inalainika yenyewe. Wachoma mishikaki wengi wanatumia papai bichi, na linafanya kazi, lakini lisizidi nusu saa, la sivyo nyama ya juu inalegea na kupoteza utafunaji wake. Mimi situmii. Viungo vyangu ni kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikatwangwa, pilipili mbuzi moja iliyosagwa, na mafuta. Ndimu nakamulia mwishoni, nyama ikishatoka motoni.

Kabla ya kuiweka jikoni naipangusa ikauke kabisa. Nyama yenye majimaji juu inachemka kwanza, na rangi ile ya kahawia yenye harufu haiji hadi maji yaishe. Mkaa uwe umevaa majivu meupe. Kwa bapa la unene wa sentimita mbili, dakika tatu hadi nne kila upande zinatosha.

Kisha inapumzika kwenye kibao dakika kumi, na hapa naomba mtu asiruke hatua. Ukitazama bapa kwa karibu utaona nyuzi zimelala upande mmoja, ndefu, zimepangana. Kisu kizikinge. Ukikata kuzifuata, mlaji anavuta uzi mzima mdomoni na vipande vyote vya sahani vinamfuata. Ukizikinga, kila ukanda wa milimita tatu unakuwa na nyuzi fupi zinazoachana kwa jino moja. Naukata tena ukanda huo vipande vidogo vya kutosha pembetatu moja. Mchuzi uliobaki kwenye kibao haufiki kwenye nachos. Naumimina kwenye maharage.

Pilipili na vitu vya juu

Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero, Capsicum chinense, na si ya kulinganisha na jalapeño. Kwenye kipimo cha ukali wa pilipili kiitwacho Scoville, jalapeño iko kati ya 2,500 na 8,000, wakati habanero inaanzia kama 100,000 na kufika hata 350,000. Kwa hiyo sahani ya Anaya haiwezi kunakiliwa kwa kuhesabu vipande vya pilipili. Natoa ule utando mweupe wa ndani, ambako ukali mwingi umekaa, nakata pete nyembamba sana, na kuzimwagia siki ya moto yenye chumvi na sukari. Pete moja kwa vipande viwili au vitatu. Harufu yake ya tunda, ambayo jalapeño haina, inaendana na nyama ya mkaa kuliko kitu chochote.

Maharage nayaloweka usiku. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa karibu nyuzi 95, kwa hiyo yanachukua muda zaidi kuliko Dar es Salaam. Yakiiva nayaponda na kuyakaanga na ule mchuzi wa nyama hadi yaachie kikaango.

Nyanya nachukua zile ndefu zenye nyama nyingi, soko la Kilombero zipo tele. Natoa mbegu, nakata ndogo, natia chumvi na kuziacha kwenye chujio. Utashangaa maji yanayotoka. Mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta naufunga kwenye kitambaa safi na kuuning'iniza usiku, asubuhi ni mzito wa kuchota kwa kijiko. Huo ndio unaotuliza pilipili, kwa sababu ukali unayeyuka kwenye mafuta na maji hayauondoi. Parachichi linapondwa dakika ya mwisho na ndimu na giligilani.

Chizi na moto wa juu

Mozzarella ina maji mengi na inavutika nyuzi. Cheddar changa au gouda inayeyuka vizuri zaidi. Naikwaruza mwenyewe.

Oveni sina, na haihitajiki. Natumia njia ya kupikia keki: sufuria pana, sinia ndani, makaa yamepaliwa juu ya mfuniko, chini moto kidogo sana. Vipande safu moja, chizi, nyama na maharage, safu nyingine, chizi tena. Chizi lazima iguse kipande kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mafuta yake ndiyo yanayokinga maji. Mfuniko nauegemeza ili mvuke upate pa kutokea. Dakika tatu, nne, inatosha. Nyanya, mtindi, parachichi na pilipili vinafuata mezani.

Jumapili wifi yangu na watoto wake walikuja, na hadi sinia linakwisha vipande vya chini vilikuwa bado vinalia mdomoni. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kinachofuata

Nataka kuiondoa ngano. Niliwaza magadi, yale ya makande, lakini yanalainisha ganda tu. Kinacholishikisha donge ni kalisiamu ya chokaa. Chokaa ya kupaka ukutani haifai kuliwa, kwa hiyo nimeagiza ya chakula. Mahindi nimeshapata Tengeru, meupe, punje nene. Ikifika naanza na kilo moja ya mahindi, gramu 10 za chokaa na lita tatu za maji, nitasagia kwenye mashine ya mkono ya nyama, mara mbili, nione kama itatoa donge laini la kutosha kusukumwa.